Ploti ilivyomchangia jirani nauli ya kura

Na MWANDISHI WETU

JANUARI haijawahi kuwa rafiki wa mtu mtaani Manyatta. Krismasi imekula akiba yote, karo ya watoto inangoja, na mwenye duka la pembeni amebandika karatasi mpya inayosema mkopo ni kesho. Katika mwezi huo anayekuomba shilingi mia moja huomba akitazama chini, nawe humjibu ukitazama pembeni.

Ndiyo maana sijaisahau Januari ya mwaka 2011. Jioni moja wapangaji wa ploti yetu, iliyo mwendo mfupi kutoka barabara ya Kibos, walivuta viti na ndoo, wakaketi uani, wakamchangia kijana mmoja nauli ya basi la Nairobi. Kijana huyo hakuwa mgonjwa. Hakuwa amefiwa, wala hakuwa akienda kuposa. Alikuwa akienda kupiga kura, na kura yenyewe haikuwa ya Kenya.

Kijana wa chumba cha nne

Alikuwa mpangaji wa chumba cha nne, mrefu kiasi cha kuinama kila alipopita chini ya kamba ya nguo. Alisoma katika chuo kimoja hapa mjini Kisumu. Watoto wa ploti walimwita Msudan, naye kila mara aliwasahihisha kwa upole: "Wa Kusini." Wakati huo hapakuwa na nchi iitwayo Sudan Kusini katika ramani yoyote ya shuleni. Kulikuwa na Sudan moja tu, iliyoanzia mpaka wa Misri ikaja kukomea hapa kwa jirani zetu Waturkana.

Kwao kulikuwa Bor, mji ulio ukingoni mwa mto Naili. Alikuwa ameukimbia akiwa mtoto, akavuka mpaka pale Lokichoggio, akalelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya maelfu ya watoto wa kiume waliokuwa wametembea kwa miguu kutoka Sudan hadi Ethiopia, na kutoka Ethiopia hadi Kenya, bila baba wala mama.

Msomaji asidhani kwamba sisi tulimwona kuwa mgeni wa mbali. Waluo tunasimuliwa tangu utotoni kuwa mababu zetu walishuka kutoka huko huko, nchi ya Bahr el Ghazal, wakifuata mto na malisho hadi wakaliona ziwa. Kijana huyu alikuwa Mdinka, na lugha yake na yetu ni za ukoo mmoja. Siku ya kwanza bombani alituchekesha. Sisi maji twayaita *pi*, yeye akayaita *piu*. Nyama kwetu ni *ring'o*, kwake ni *ring*. Tulipofika kwenye hesabu, tatu yetu ni *adek*, yake ni *diak*. Nne yetu ni *ang'wen*, yake ni *ng'uan*. Dani, yule ajuza wa chumba cha kwanza ambaye sote twamwita nyanya, aliweka mtungi chini akasema, "Kumbe mtoto huyu alipotea tu njiani."

Naye kijana alikuwa na jibu lake. Alisema maji ya ghuba hii ya Winam huingia ziwani, hutoka Jinja, hupita Juba, kisha hufika Bor. "Mkifua nguo Dunga," alitwambia, "povu linaenda kwetu."

Karatasi yenye mikono

Ili kuelewa ni kwa nini kura yake ilipigiwa Nairobi, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Sudan ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1956, na hata kabla ya siku hiyo vita kati ya kaskazini na kusini vilikuwa vimekwisha kuanza. Awamu ya kwanza ilidumu kutoka 1955 hadi 1972. Ya pili ilianza mwaka 1983, ikala miaka zaidi ya ishirini na maisha ya watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili. Mazungumzo ya kuvimaliza yalifanyika humu nchini. Mapatano ya kwanza makubwa yalitiwa sahihi Machakos mwezi wa Julai 2002, mengine Naivasha, chini ya mpatanishi Mkenya, Luteni Jenerali Lazarus Sumbeiywo. Tarehe 9 Januari 2005, jijini Nairobi, mkataba wa amani ukakamilika. Ndani yake mlikuwa na ahadi moja iliyowafanya watu wa Kusini walie machozi: baada ya miaka sita wangeulizwa, kila mtu kwa nafsi yake, kama wanataka kubaki katika Sudan moja au kujitenga.

Dkt John Garang, aliyewaongoza vitani na kuutia mkataba huo sahihi, hakuiona siku hiyo. Alifariki katika ajali ya helikopta mwezi wa Julai 2005.

Lakini watu wa Kusini hawakuwa wote Kusini. Vita vilikuwa vimewatawanya kama mtama uliomwagika. Kwa hivyo sheria ya kura ya maoni iliruhusu walio nje kupiga kura katika nchi nane: Kenya, Uganda, Ethiopia, Misri, Uingereza, Marekani, Canada na Australia. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, ndilo lililopewa kazi ya kuandaa vituo hivyo. Hapa Kenya vituo havikufika Kisumu. Kijana wetu alijiandikisha Nairobi.

Kujiandikisha kulianza tarehe 15 Novemba 2010 na kufungwa tarehe 8 Desemba. Mtu alitakiwa aonyeshe kuwa mzazi wake, au babu au bibi yake, alikuwa wa jamii iliyokuwa imekaa Kusini kufikia ile siku ya uhuru ya mwaka 1956. Sasa mtoto aliyekimbia usiku akiwa na shati moja atatoa wapi cheti cha babu yake? Kwa sababu hiyo palikuwa na wazee wa jamii mbalimbali wa kusaidia kuwatambua watu. Kijana alitusimulia kuwa mzee mmoja alimwuliza jina la ukoo, kisha jina la kijiji, kisha akamwuliza malisho yao ya kiangazi yalikuwa upande gani wa mto. Alipojibu la tatu, mzee akatikisa kichwa, naye akapewa kadi.

Aliporudi Manyatta alituonyesha mfano wa karatasi ya kura. Ilikuwa na alama mbili, ili hata asiyejua kusoma asipotee. Mikono miwili iliyoshikana ilikuwa na maana ya umoja. Mkono mmoja ulioinuliwa ulikuwa na maana ya kujitenga. Mpiga kura angeweka alama ya kidole chake kando ya picha aliyoichagua.

Dani aliitazama ile karatasi akaguna. "Mwanangu, mkono mmoja hauchinji ng'ombe."

"Ni kweli, Dani," kijana akamjibu. "Lakini huu hauchinji. Huu unaaga."

Hesabu ya asilimia 60

Shida ilikuja baada ya mwaka mpya. Aliyejiandikisha kituo fulani alipaswa kupigia kura kituo hicho hicho. Kijana alikuwa amepanda basi la kwenda Nairobi mwezi wa Novemba kwa akiba yake ya mwisho, akitumaini kwamba binamu yake aliye ng'ambo angemtumia fedha kabla ya Januari. Fedha hazikuja. Naye alikuwa na deni la kodi ya nyumba la mwezi mzima.

Mtu angeweza kumwambia abaki tu. Kura moja kati ya mamilioni ni nini? Lakini kulikuwa na jambo ambalo wengi wetu hatukulijua mpaka alipotueleza. Sheria ilisema kwamba matokeo yangekuwa halali tu iwapo asilimia 60 ya watu waliojiandikisha wangejitokeza kupiga kura. Kwa hivyo ambaye hakujiandikisha kabisa hakuwa amemdhuru mtu. Lakini aliyejiandikisha kisha akakosa kufika alihesabiwa, na kukosekana kwake kuliwavuta wenzake nyuma. Kadi aliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa deni.

Ndipo Dani akaita mkutano wa uani.

Si wote waliokubali. Fundi wa pikipiki wa chumba cha pili alisimama akasema maneno ambayo wengi walikuwa nayo moyoni. "Sisi tulipiga kura mwaka 2007," alisema. "Tulipanga foleni tangu usiku. Tukapata nini? Moshi hapo Kondele, na watu wa kuzika. Leo mnataka nitoe pesa ya unga ili mtu mwingine akapige kura ya nchi nyingine?"

Palikuwa kimya. Hapakuwa na mtu uani pale ambaye hakuijua Januari ya 2008. Duka lililoteketea lilikuwa la fulani, risasi ilimpata mtoto wa fulani. Ilikuwa imepita miaka mitatu tu.

Dani, ambaye riziki yake ilikuwa kuuza omena soko la Kibuye, hakubishana naye. Alisimulia tu. Alisema mwaka 1988 aliitwa kupiga kura ya mlolongo, ile ya kusimama mstarini nyuma ya picha ya unayemtaka, chifu akiona, mwajiri akiona, jirani akiona. "Nilisimama nilipoambiwa nisimame," alisema. "Kisha nikaona kwa macho yangu mstari mfupi ukitangazwa kuwa mrefu." Halafu akasimulia tarehe 29 Desemba 1992, siku ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu chama kimoja kitawale. Aliingia katika kibanda peke yake. Hakuna aliyemwona.

"Mtu wetu alishindwa," Dani akasema. Alikuwa akimtaja Jaramogi Oginga Odinga, aliyeibuka wa nne mwaka huo akifuata Moi, Matiba na Kibaki. "Alishindwa, na mwaka 1994 tukamzika. Lakini siku ile kibandani nilikuwa mtu. Mtoto huyu hajawahi kuwa mtu namna hiyo hata siku moja. Mimi natoa mia mbili."

Akafungua fundo la leso yake, akaziweka juu ya ungo. Mwalimu wa chumba cha saba akafuata. Mama wa chapati akatoa sarafu za siku nzima. Wanafunzi wawili wa chumba cha mwisho, ambao wenyewe walikuwa wakiishi kwa nyoyo na chai ya rangi, walitoa hamsini hamsini. Haba na haba hujaza kibaba. Ilipofika saa mbili usiku nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa imetimia, na mwenye ploti, aliyekuwa amekuja kudai kodi, akasema deni litangoja mwisho wa mwezi.

Fundi wa pikipiki hakutoa hata senti. Lakini kesho yake usiku, wakati wa kwenda kupanda basi ulipofika, ndiye aliyempakia kijana hadi stendi, naye alikataa kulipwa.

Alichokiona Nairobi

Upigaji kura ulianza Jumapili tarehe 9 Januari 2011, miaka sita kamili tangu mkataba utiwe sahihi, ukaendelea hadi tarehe 15. Kijana alipiga yake Jumatano ya tarehe 12. Aliporudi, ploti nzima ilimkuta uani kabla hajavua viatu. Wino ulikuwa bado kidoleni, na watoto walipanga mstari kuugusa.

Alitusimulia kwamba alifika alfajiri akidhani atakuwa wa kwanza, akakuta wazee waliovaa suti na tai kana kwamba wanakwenda harusini. Kina mama walikuwa wakiimba. Mlemavu aliyekatika mguu vitani alisogezwa mbele ya foleni na watu wasiomfahamu. Ndani, alisema, palikuwa na ukimya wa kanisani. Alipewa karatasi, akaingia kibandani, akachovya kidole. "Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika," alituambia. "Si kwamba sikujua ninachotaka. Nilikuwa nataka tu kukaa."

Huo ulikuwa mji mmoja tu. Juma hilo hilo watu wa Kusini walipiga kura kambini Kakuma, walipiga Kampala na Addis Ababa, walipiga London na miji ya Marekani iliyofunikwa na theluji. Mjini Brisbane, Australia, mafuriko makubwa yalilazimu muda uongezwe.

Jumla ya waliojiandikisha ilikaribia milioni 3.9. Kati yao walio nje katika zile nchi nane walikuwa takribani 60,000, na Kenya ilikuwa na karibu robo yao. Matokeo rasmi yalitangazwa Khartoum tarehe 7 Februari 2011. Waliotaka kujitenga walikuwa 3,792,518, sawa na asilimia 98.83. Waliotaka umoja walikuwa 44,888. Ile asilimia 60 iliyotunyima usingizi ilipitwa kwa mbali sana.

Mtu wa hesabu atasema kwamba kwa ushindi mkubwa namna hiyo kura za walio nje hazikubadilisha kitu. Ni kweli, na tena si kweli. Wananchi wa Eritrea walipopiga kura ya uhuru wao tarehe 23 hadi 25 Aprili 1993, waliokuwa ughaibuni walipiga pia, na waliosema ndiyo walipita asilimia 99. Wananchi wa Afrika Kusini waliokuwa nje walipiga kura tarehe 26 Aprili 1994, siku moja kabla ya foleni zile ndefu za nyumbani zilizompa Mandela urais. Wengi wa watu hao walikuwa wakimbizi na watoto wa wakimbizi. Nchi ilipowapelekea sanduku la kura hadi mlangoni mwa watu, ilikuwa inawaambia kwamba kukimbia hakukuwafuta katika daftari la nyumbani. Jambo hilo halipimwi kwa asilimia.

Bendera na baada yake

Tarehe 9 Julai 2011, siku ya Jumamosi, tulijazana katika hoteli ndogo yenye televisheni tukaitazama bendera mpya ikipanda Juba. Rais Mwai Kibaki alikuwepo. Rais Omar al-Bashir wa Sudan, aliyekuwa anapoteza sehemu ya kusini ya nchi yake, naye alikuwepo. Kijana hakuwa nasi kwa akili. Alikuwa ameshika magoti yake akitetemeka. Mwisho wa mwezi huo alifunga virago, akamwachia Dani jiko lake la makaa, akaenda kwao. Mwenda kwao si mtumwa.

Ingekuwa hadithi, ningeikomesha hapo.

Tarehe 15 Desemba 2013 mapigano yalizuka Juba, safari hii kati ya watu wa Kusini wenyewe. Moto ulisambaa haraka. Mji wa Bor ulitekwa, ukakombolewa, ukatekwa tena. Mapema mwaka 2014 simu yangu ililia, nambari ya Uganda. Alikuwa amevuka mpaka pale Nimule akiwa na mama yake na mkoba mmoja. Kakuma, kambi ambayo watu walidhani itafungwa, ilijaa upya.

Na kura je? Uchaguzi mkuu wa nchi mpya ulikuwa ufanywe mwaka 2015. Ukaahirishwa, na muhula wa serikali ukaongezwa, kisha ukaongezwa tena. Mkataba mwingine wa amani ulitiwa sahihi Septemba 2018, na serikali ya pamoja ikaundwa Februari 2020. Uchaguzi ukapangiwa Desemba 2024. Ilipofika Septemba mwaka huo, ukasogezwa mbele tena hadi Desemba 2026. Mtoto aliyezaliwa siku ile bendera inapanda alikuwa ameingia mwaka wake wa kumi na nne, na nchi yake ilikuwa haijafanya uchaguzi hata mmoja tangu kuzaliwa kwake.

Hapo ndipo nilipoyaelewa zaidi maneno ya fundi wa pikipiki na maneno ya Dani, nikaona kwamba hawakuwa wakipingana. Kura ya kwanza hupigwa kwa nyimbo na suti. Ni ile ya pili, na ya tatu, isiyo na nyimbo, inayoonyesha kama mwananchi aliulizwa kwa dhati au alialikwa sherehe tu.

Watoto wetu walioko nje

Jambo hili linatuhusu pia sisi Wakenya. Katika uchaguzi ule wa 1992 aliousimulia Dani, Mkenya aliyekuwa nje ya nchi hakuwa na pa kupigia kura. Wako waliokuwa wamekimbilia ng'ambo kwa sababu ya siasa, waliopigania vyama vingi miaka na mikaka, na siku yenyewe wakaisikilizia redioni.

Katiba iliyopitishwa katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 ilirekebisha hilo. Kifungu cha 82 kinataka raia walio nje waandikishwe na wapewe haki ya kupiga kura hatua kwa hatua. Hatua zenyewe zimekuwa fupi. Mwaka 2013, mara ya kwanza, vituo vilikuwa Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, na waliojiandikisha hawakufika 3,000. Mwaka 2017 Afrika Kusini iliongezwa, idadi ikapita 4,000. Mwaka 2022 nchi zilikuwa kumi na mbili, zikiwemo Uingereza, Marekani, Canada, Ujerumani, Qatar na Milki za Kiarabu, na waliojiandikisha walizidi kidogo 10,000 kati ya wapiga kura zaidi ya milioni 22. Hao walimpigia kura rais peke yake. Gavana na mbunge wa kwao walichaguliwa na waliobaki.

Sasa tazama ploti yoyote ya Manyatta leo. Chumba hiki kina binti Doha, kile kina kijana Dubai, kingine kina baba anayeendesha lori hadi Juba. Pesa zao hufika kwa simu kabla chai haijachemka. Sauti yao bado inakwenda kwa miguu. Anayefanya kazi mji usio na ubalozi huhitaji safari, ruhusa ya mwajiri na nauli, kama alivyohitaji kijana wetu. Tofauti ni kwamba wengi wao hawana ploti ya kuwachangia.

Mzazi mwenye mtoto huko humwuliza kama amekula, na kama amelipwa. Si vibaya amwulize pia kama amejiandikisha. Na wewe mwanafunzi uliyejiandikishia kijijini ukasomea mjini, hesabu nauli yako mapema. Agosti haina huruma kuliko Januari.

Jioni ya tarehe 9 Agosti 2022, baada ya kupiga kura yangu katika shule ya hapa mtaani, nilimpigia simu yule jirani yetu wa zamani. Siku hizo alikuwa Nakuru, akifundisha katika shule ya msingi. Aliniuliza foleni ya Manyatta ilikuwaje, akaniuliza kama Dani yuko hai. Nikamwambia Dani tulimzika mwaka 2016, naye akanyamaza kidogo.

Kisha nikamwambia habari niliyodhani itamchangamsha. Mpwa wangu, ambaye alikuwa mtoto wa kugusa wino siku ile uani, alikuwa amepiga kura yake ya kwanza asubuhi hiyo.

"Hapo Manyatta?" akauliza.

"La, Juba. Anafanya kazi huko."

"Juba?" Nilisikia kiti kikisogea. "Juba kuna kura leo?"

"Ya Kenya," nikamwambia. "Ubalozini."

Alicheka sana, kicheko kile cha mtu mrefu kinachoanzia mbali. Kilipokwisha aliniambia kwamba yeye bado ana ile moja tu, ya nauli ya ploti, na kwamba siku watakapoitwa tena hataniomba pesa. Ameanza kuweka akiba.